Namba ya Siri ya Mara Moja kwa Ujumbe Mfupi: Historia ya Kuhama kwa Dhamana katika Seva za Usimamizi wa Utambulisho

1. Utangulizi

Insha hii inachunguza historia ya namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, pamoja na nafasi yake katika seva za usimamizi wa utambulisho. Hoja inayotetewa ni kwamba njia hii haikuenea kwa sababu ya uimara wake, bali kwa sababu ilitumia chombo ambacho mtumiaji tayari alikuwa nacho mkononi. Kwa kufanya hivyo, iliiondolea seva sehemu ya dhamana ya kumtambua mtumiaji na kuikabidhi kampuni ya simu. Uamuzi wa kuiongeza njia hii katika seva yoyote unapaswa kupimwa kwa kuzingatia uhamisho huo.

2. Kutoka nenosiri la kudumu hadi namba ya mara moja

Mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa mwaka 1961 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani chini ya uongozi wa Fernando Corbató, ni miongoni mwa mifumo ya mwanzo ya kompyuta iliyotumia nenosiri. Udhaifu wake ulidhihirika mapema. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyehitaji muda zaidi wa kutumia mashine, aliagiza faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote lichapishwe, naye akalipata. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walionyesha kwamba watumiaji wengi huchagua maneno ya siri yanayokisika kwa urahisi.

Mwaka 1981 Leslie Lamport alipendekeza mnyororo wa maneno ya siri ambamo kila neno hutumika mara moja tu. Aliyelinasa neno likiwa njiani hakuweza kulitumia tena, wala kukokotoa litakalofuata. Wazo hilo lilitekelezwa na maabara ya Bellcore katika mfumo wa S/KEY. Sambamba na hayo, vilikuwapo vifaa vidogo vya mfukoni vilivyoonyesha namba inayobadilika kila baada ya muda mfupi. Kikwazo kilikuwa gharama: kila mtumiaji alipaswa kununuliwa kifaa, kukabidhiwa, na kupewa kingine kilipopotea.

3. Simu yachukua nafasi ya kifaa

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa na Neil Papworth tarehe 3 Desemba 1992 katika mtandao wa Vodafone nchini Uingereza. Ulikuwa salamu ya Krismasi. Huduma hiyo haikubuniwa ili kubeba siri, lakini ilipoenea ilionekana kukidhi haja iliyoshindwa kukidhiwa na kifaa cha mfukoni. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, benki za Ujerumani zilianza kuwatumia wateja namba za kuidhinisha miamala kwa ujumbe mfupi. Mwaka 2011 Google ilifungulia watumiaji wake wote uthibitishaji wa hatua mbili, ujumbe mfupi ukiwa mojawapo ya njia zake.

Katika Afrika Mashariki, namba ya simu ilipata uzito wa pekee. M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na namba ya simu ikawa pia akaunti ya fedha. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, ukiunganishwa na kitambulisho cha taifa. Hivyo basi, laini ya simu iligeuka kuwa hati ya utambulisho, na karani anayeishughulikia kaunta akawa sehemu ya ulinzi wa kila akaunti iliyofungamana nayo.

4. Nyufa za dhamana

Uhamisho huo wa dhamana ulikuwa na nyufa mbili. Ufa wa kwanza ulikuwa kwenye kaunta: tapeli akimshawishi au kumhonga mtumishi ahamishie namba kwenye laini mpya, ujumbe wote humfikia yeye. Ufa wa pili ulikuwa ndani ya mitandao yenyewe. Desemba 2014, mjini Hamburg, Tobias Engel na Karsten Nohl walionyesha jinsi mfumo wa ishara wa SS7, unaounganisha kampuni za simu duniani, unavyoweza kutumiwa vibaya. Mei 2017 iliripotiwa kwamba wateja wa benki nchini Ujerumani walikuwa wameibiwa fedha kwa njia hiyo. Mwezi uliofuata, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwongozo ulioiweka njia ya mtandao wa simu katika kundi la njia zenye masharti, bila kuipiga marufuku.

5. Kuiongeza katika seva

Keycloak, seva ya msimbo huria iliyotolewa na Red Hat mwaka 2014, inadhihirisha suala hili vizuri. Toleo lake la msingi liliauni namba zinazozalishwa na programu ndani ya simu, ambazo hukokotolewa kutokana na siri ya pamoja na saa bila kupita mtandaoni. Utumaji wa ujumbe mfupi haukuwamo. Hata hivyo, muundo wake unaruhusu programu-jalizi kuongezwa katika mtiririko wa kuingia. Programu-jalizi hiyo huzalisha namba, huihifadhi katika kikao cha uthibitishaji, huituma kupitia lango la kampuni ya ujumbe, kisha hulinganisha jibu la mtumiaji.

Msimbo wake ni mfupi, lakini masharti yake ni mazito. Namba ya tarakimu 6 ina michanganyiko 1,000,000 tu, hivyo majaribio sharti yawekewe ukomo. Mwongozo wa NIST wa mwaka 2017 ulitaka namba ikubaliwe mara moja tu, ndani ya dakika zisizozidi 10. Aidha, namba ya simu iliyosajiliwa haipaswi kubadilishwa kwa nenosiri pekee. La sivyo, mwizi wa nenosiri huelekeza ujumbe kwake, na hatua ya pili hubaki jina tu.

6. Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba ujumbe mfupi hauna thamani. Mwenye simu ya kawaida isiyoweza kupakua programu hana njia mbadala iliyo rahisi, na kumwondolea ujumbe mfupi pasipo kumpa kingine ni kumrudisha kwenye nenosiri tupu la mwaka 1961. Kinachothibitika ni kwamba ujumbe huo huthibitisha umiliki wa laini kwa wakati ule, wala hauthibitishi mtu. Kwa sababu hiyo, unastahili kuwa nyongeza juu ya nenosiri, na usiwe ufunguo pekee wa kurejesha akaunti iliyopotea.