Gari la mvuke la Stanley: lilishinda mbio, likashindwa sokoni

Januari 26, 1906, kwenye mchanga wa ufukwe wa Ormond, jimbo la Florida nchini Marekani, dereva Fred Marriott alifikia kasi ya kilomita 205 kwa saa. Hakuna aliyewahi kwenda mbio kiasi hicho akiwa ndani ya gari. Wenye magari ya petroli walibaki midomo wazi, kwa sababu gari la Marriott lilikuwa la mvuke.

Waliolitengeneza walikuwa ndugu wawili pacha, Francis na Freelan Stanley, ambao hawana nasaba na Henry Morton Stanley, yule msafiri anayejulikana sana Afrika Mashariki. Walizaliwa mwaka 1849 katika mji mdogo wa Kingfield, jimbo la Maine. Walifanana kwa sura, wakafuga ndevu za namna moja na hata mavazi yao yakawa ya aina moja. Utajiri wao wa kwanza ulitokana na picha: walibuni mashine ya kupaka dawa kwenye vioo vya kupigia picha, biashara ambayo baadaye waliiuzia kampuni ya Eastman Kodak.

Gari lao la kwanza lilikamilika mwaka 1897 huko Newton, Massachusetts. Mwaka uliofuata walilionyesha hadharani, na oda zikamiminika. Wakatengeneza magari zaidi ya 200, idadi kubwa kwa zama zile. Mwaka 1899 wafanyabiashara wawili, mmoja wao akiwa mchapishaji wa majarida John Brisben Walker, waliinunua biashara hiyo kwa dola 250,000, na magari yakaanza kuuzwa kwa jina la Locomobile. Agosti mwaka huohuo, Freelan na mkewe Flora walilipandisha moja Mlima Washington, wenye kimo cha mita 1,917, kwa njia ya magari ya farasi. Walifika kileleni baada ya saa mbili na dakika chache, na hakuna gari lililowahi kufika pale kabla yao.

Pacha hawakukaa nje ya kazi kwa muda mrefu. Mwaka 1902 walianzisha kampuni mpya, Stanley Motor Carriage, na safari hii wakatumia jina lao wenyewe.

Injini yao ilikuwa rahisi ajabu. Ilikuwa na silinda mbili tu, bila klachi wala gia. Dereva alifungua mvuke kwa mkono mdogo uliokuwa chini ya usukani, na gari likaondoka kimyakimya. Boila lilikaa mbele, likiwa na mamia ya mabomba membamba ndani yake. Kwa nje lilizungushiwa waya wa chuma wa piano, tabaka juu ya tabaka, ili lihimili shinikizo. Wengi waliogopa kwamba lingelipuka, lakini hofu hiyo haikuwahi kuthibitika barabarani.

Shughuli ilikuwa kuliwasha. Kwanza dereva alipasha moto kichomeo kwa taa ya gesi hadi mafuta yageuke mvuke, kisha akawasha moto mdogo, halafu ule mkubwa. Hapo alisubiri mshale wa geji upande, akikagua maji na oili. Gari likiwa limelala baridi, kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa. Hata baada ya hapo, ilibidi alisogeze mbele na nyuma kidogo ili kutoa maji yaliyotokana na mvuke uliopoa ndani ya silinda. Njiani nako kulikuwa na kiu: magari ya mwanzo yalitoa mvuke nje, hivyo mara kwa mara dereva alisimama kuvuta maji kwa mpira kwenye mabirika ya kunyweshea farasi.

Katika enzi ya hendeli, usumbufu huo ulivumilika. Kuzungusha hendeli ya kuwashia gari la petroli kulihitaji nguvu, na iliporudi kwa ghafla iliweza kuvunja mkono. Lakini mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilileta starta ya umeme, na faida hiyo ya Stanley ikayeyuka. Mwaka 1914 ukazuka ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, na mabirika mengi ya kando ya barabara yakaondolewa. Ndipo kampuni ikafunga kwenye magari yake kifaa cha kurudisha mvuke kuwa maji. Kilikuwa kizuri, ila kilichelewa.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa bei. Mwaka 1914 Ford ilitoa magari zaidi ya 200,000, na kufikia mwaka 1916 Model T iliuzwa kwa dola 360. Wakati huo Stanley liligharimu karibu dola 2,000, na kiwanda hakikuwahi kufikisha magari 1,000 kwa mwaka. Pacha walipenda kazi ya fundi mmojammoja na hawakuutaka uzalishaji wa mkupuo.

Walijiondoa mwaka 1917. Mwaka uliofuata Francis alifariki katika ajali, baada ya kulikwepesha gari lake ili asigonge mikokoteni iliyoziba njia. Freelan, aliyekuwa amehamia Estes Park, Colorado, kutibu kifua kikuu, alijenga huko hoteli iliyofunguliwa mwaka 1909 na ingalipo hadi leo. Alifariki mwaka 1940 akiwa na miaka 91.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1924. Rekodi ya Marriott kwa magari ya mvuke ilidumu miaka 103, hadi timu ya Waingereza ilipoivunja mwaka 2009. Kwa ufundi, Stanley halikuwa na la kuonea aibu. Lakini mnunuzi wa kawaida alitaka gari analolimudu na linalowaka mara moja, na hilo pacha hawakumpa.