Köln Mpya katika Milima ya Usambara



Wapendwa waamini, wengi wetu twaifahamu Gare, misheni kongwe iliyo karibu na Lushoto. Wachache wajua kwamba Watrapisti walioianzisha mwaka 1897, wakitokea Mariannhill huko Afrika Kusini, waliiita Neu-Köln, yaani Köln Mpya.

Karibu na Köln yenyewe, nchini Ujerumani, ipo Altenberg, monasteri ya kale ya Wasistersiani, familia ya kitawa ambayo Watrapisti ni tawi lake. Ilianzishwa mwaka 1133. Kanisa lake la mtindo wa Kigothi lilianza kujengwa mwaka 1259, likatabarukiwa mwaka 1379. Waliochimba msingi hawakuiona siku hiyo.

Ustadi wa jengo hilo ni wa kustaajabisha. Matao yaliyochongoka huukusanya uzito wa dari la mawe na kuuelekeza kwenye nguzo. Mihimili iliyoegemezwa kwa nje huupokea na kuushusha ardhini. Kwa kuwa kuta hazikulemewa, ziliweza kufunguliwa madirisha mapana, na mwanga ukaingia tele. Hata hivyo, wamonaki wale walijinyima. Hawakujenga minara mirefu, na vioo vingi vya kale ni vya kijivu, vimechorwa majani tu, ili macho yasiisumbue sala.

Mwaka 1803 monasteri hiyo ilifungwa na watawa wakatawanyika. Mwaka 1815 moto uliteketeza paa. Kanisa likakarabatiwa, na tangu mwaka 1857 Wakatoliki na Waprotestanti husali humo kwa zamu.

Watrapisti wa Gare nao hawakudumu. Maisha ya ukimya ndani ya monasteri hayakupatana kwa urahisi na kazi ya kuzunguka vijijini kufundisha dini. Mwaka 1909 Papa Pius X aliitenga Mariannhill na shirika la Watrapisti, ikawa jumuiya ya wamisionari. Gare ilipokelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na imani ikaendelea kukua mikononi mwa wengine.

Ndugu zangu, tunapojenga vigango vyetu, mara nyingi twauliza nani ataandikwa kwenye jiwe la msingi. Altenberg na Gare zatufundisha kuuliza jambo lingine: je, tunachokianza leo, mwingine ataweza kukiendeleza? Tuwaombee waliotutangulia, nasi tubebe sehemu yetu ya uzito.

Mungu awabariki.