Poddar na Mche Dume: Utunzaji wa Ganja Wakati wa Kuchanua na Mapato ya Dola ya Kikoloni huko Naogaon, Bengal

Historia ya ushuru wa ganja katika Bengal ya kikoloni ni rahisi kuandikwa kutoka ghalani, kwa kuwa huko ndiko ziliko leseni, mizani na vitabu vya hesabu. Ikitazamwa kutoka shambani, hususan katika majuma ambayo mmea huchanua, sura yake hubadilika. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba thamani ya bidhaa iliyotozwa ushuru iliamuliwa kwanza na poddar, fundi wa kijijini aliyelipwa na mkulima, na kwamba dola iliyojigamba kudhibiti zao hilo ilitegemea maarifa ambayo maofisa wake hawakuwa nayo.

Istilahi inahitaji kufafanuliwa kwanza. Neno la Kiswahili *bangi*, ambalo asili yake ni Bara Hindi, hutumika kwa mmea wote na kwa kila kinachotokana nao. Bengal ilitofautisha: *bhang* ni majani, *ganja* ni mashada ya maua ya mmea jike yenye utomvu. Tofauti hiyo si ya kimsamiati tu, maana majani hayahitaji uangalizi mkubwa, ilhali ganja haipatikani bila uangalizi huo.

Mmea huu kwa kawaida huwa na miche dume na miche jike iliyo mbalimbali. Jike lisilopata chavua huendelea kutoa maua na utomvu. Likichavushwa, nguvu yake huelekea kwenye mbegu, na mnunuzi hushusha bei. Chavua husafirishwa na upepo. Kwa hiyo dume moja lililosahauliwa katika shamba la jirani liliweza kuharibu mavuno ya watu ambao hawakuwa na kosa lolote. Pengine hapa ndipo pa kutafuta sababu mojawapo iliyofanya kilimo hiki kistawi mahali pamoja, katika eneo la Naogaon zilipokutana wakati huo wilaya za Rajshahi, Dinajpur na Bogra: palipo na mafundi, na majirani wanaobanwa na hofu ileile, palikuwa na usalama kiasi.

Ripoti ya Hem Chunder Kerr ya mwaka 1877 na ile ya mtaalamu wa mimea David Prain ya mwaka 1893 zinauonyesha mwaka wa mkulima kwa undani. Mbegu zilisiwa kitaluni mwezi Agosti, na miche ikahamishiwa kwenye matuta mwezi Septemba. Baadaye matawi ya chini yalipunguzwa, matuta yakaumbwa upya na kutiwa samadi na mashudu. Mwezi Novemba aliitwa poddar. Alipita mstari kwa mstari akichunguza machipukizi kabla ya maua kufunguka, akavunja kila dume alilolitambua. Kupita mara moja hakukutosha, kwa sababu miche haikomai kwa pamoja, tena baadhi ya majike huzaa maua machache ya kiume. Baada yake mkulima mwenyewe aliendelea kukagua hadi mashada yalipokomaa mwezi Januari. Mavuno yalifuata Februari na Machi. Ganja bapa ilikanyagwa kwa miguu ili utomvu ushikamanishe maua.

Jambo moja liliwatatiza wataalamu. Wakulima waliuita *madi*, yaani jike, mche ambao botania huuita dume. Ni rahisi kuliona hilo kuwa ujinga, lakini tafsiri hiyo haina mashiko: poddar hakukosea mche wa kung'oa. Majina yalipinduka, kazi ikabaki sahihi.

Tume ya Dawa za Katani ya Bara Hindi, iliyoundwa mwaka 1893 baada ya suala hilo kuibuliwa katika Bunge la Uingereza, ilisikiliza mashahidi zaidi ya 1,000. Mwaka 1894 ilipendekeza udhibiti kwa leseni na ushuru badala ya marufuku. Mapendekezo hayo husomwa zaidi kwa sababu ya hitimisho lake la kiafya, kwamba matumizi ya kiasi hayakuleta madhara makubwa. Kwa mwanahistoria wa kilimo, uzito wake uko kwingine: kwa kuchagua ushuru, dola ilichagua pia kuendelea kumtegemea poddar. Ofisa aliweza kupima eneo la shamba na kufunga ghala kwa kufuli, chavua haikufungiwa.

Mwaka 1917 wakulima wa Naogaon walianzisha chama cha ushirika, wakapata nguvu zaidi katika uuzaji. Mkataba wa kimataifa wa 1961 ulizipa nchi kipindi cha miaka 25 cha kukomesha matumizi yasiyo ya kitabibu, na katika miaka ya 1980 Bangladesh ilisitisha kilimo hicho. Maelezo ya Kerr na Prain yamebaki, yakiwa ya watazamaji waliosimama kando ya tuta.