Mboko: Aliyezimwa na Okutoyi Wimbledon, kisha akatwaa ufalme wa Montreal

WAKENYA walikuwa na sababu moja tu ya kufuatilia fainali ya wasichana chipukizi wachezao wawili wawili katika mashindano ya Wimbledon, jijini London, mnamo Julai 2022. Sababu hiyo ilikuwa Angella Okutoyi, aliyeshirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp.

Ni wachache waliojishughulisha na majina ya wapinzani wao, Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko.

Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakajikakamua na kutwaa ya pili 6-4, kisha wakapenya kwa 11-9 katika kipindi cha kuamua mshindi. Kenya ikajipatia bingwa wake wa kwanza kabisa wa Grand Slam, nao Wakanada wakaridhika na nafasi ya pili.

Katika kitengo hicho, seti ya tatu haichezwi kikamilifu. Badala yake, kikosi kinachotangulia kufikisha alama 10, kikiwa mbele kwa alama mbili, ndicho kinachotawazwa. Kwa hivyo, matokeo ya 11-9 yana maana kwamba tofauti kati ya vikosi hivyo viwili ilikuwa mipigo miwili tu.

Miaka mitatu baadaye, Mboko, mmoja wa walioshindwa siku hiyo, aliwashangaza wapenzi wa tenisi kote duniani alipotwaa taji la Canadian Open mjini Montreal akiwa na umri wa miaka 18.

Mzaliwa wa familia ya wahamiaji

Victoria Mboko alizaliwa Agosti 26, 2006 mjini Charlotte, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Wazazi wake walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuhamia Amerika Kaskazini wakikimbia misukosuko ya kisiasa nchini mwao.

Alipokuwa angali mtoto mchanga, familia hiyo ilihamia Kanada, naye akakulia Burlington, mji ulioko mkoani Ontario, karibu na Toronto.

Mboko ni kitindamimba katika familia ya watoto wanne. Kaka na dada zake ndio waliotangulia kushika raketi, na wawili kati yao walicheza tenisi katika vyuo vikuu vya Marekani. Msichana huyo alianza kupiga mpira akiwa bado hajaanza masomo ya shule ya msingi, na mapema akazoea kukabiliana na wachezaji waliomzidi umri na nguvu.

Ufanisi wake katika mashindano ya chipukizi ulidhihirika mwaka 2022. Mbali na fainali ya Wimbledon, yeye na Cross walifika pia fainali ya wachezaji wawili wawili ya Australian Open mwaka huo huo. Katika mchezo wa mmoja mmoja, alitinga nusu fainali ya chipukizi Wimbledon na US Open.

Hata hivyo, safari yake ya kuingia katika tenisi ya kulipwa haikuwa rahisi. Majeraha ya goti yalimkwamisha mara kwa mara katika miaka ya 2023 na 2024, wakati ambapo wenzake wa rika moja walikuwa wakipanda ngazi.

Mwaka wa 2025

Alipoanza msimu wa 2025, Mboko alikuwa nje ya orodha ya wachezaji 300 bora duniani. Mchezaji wa kiwango hicho haingii moja kwa moja katika mashindano makubwa. Hulazimika kusaka alama katika mashindano madogo ya Shirikisho la Tenisi Duniani (ITF), ambako tuzo za fedha ni kidogo na mara nyingi mchezaji hujigharimia nauli na malazi.

Huko ndiko alikoanzia. Alishinda mechi 22 mfululizo na kuzoa mataji matano ya ITF katika miezi michache ya kwanza ya mwaka. Machi alipewa kadi ya mwaliko kushiriki mashindano ya Miami, Marekani, akashinda mechi moja kabla ya kubanduliwa na Paula Badosa wa Uhispania.

Mei, baada ya kupenya katika mchujo wa mashindano ya Rome, alimpokonya Mmarekani Coco Gauff seti ya kwanza 6-3, lakini mwenzake akageuza mambo na kushinda mbili zilizofuata 6-2, 6-1.

Katika French Open alilazimika tena kupitia mchujo. Alifika raundi ya tatu, ambapo alizimwa na Zheng Qinwen wa China, bingwa wa Olimpiki za Paris 2024. Wimbledon ilikuwa na kisa chake: Mboko alishindwa katika mchujo, lakini akaingizwa katika mashindano baada ya mchezaji mwingine kujiondoa. Alitumia bahati hiyo kumdengua Magdalena Frech wa Poland katika raundi ya kwanza.

Maajabu ya Montreal

Canadian Open, iliyoandaliwa Montreal kati ya Julai na Agosti 2025, ni miongoni mwa mashindano yanayomzawadia bingwa alama 1,000, ya daraja la pili baada ya Grand Slam. Mboko, aliyekuwa nambari 85 duniani, aliingia kwa kadi ya mwaliko akiwa mchezaji wa nyumbani.

Njia yake ilijaa miamba. Aliwabandua mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Gauff, Elena Rybakina na Naomi Osaka. Gauff, aliyekuwa ameorodheshwa wa kwanza katika mashindano hayo na ambaye alikuwa ametwaa French Open miezi miwili tu awali, alilazwa 6-1, 6-4.

Nusu fainali dhidi ya Rybakina, bingwa wa Wimbledon mwaka 2022, ndiyo iliyompima zaidi. Mboko alipoteza seti ya kwanza 1-6, akaanguka na kuumia kifundo cha mkono, na wakati mmoja Rybakina alibakisha alama moja tu kumaliza kazi. Kanada nzima ilishusha pumzi alipoibuka mshindi 1-6, 7-5, 7-6.

Katika fainali ya Agosti 7, Osaka wa Japani, mwenye mataji manne ya Grand Slam, alitamba katika seti ya kwanza. Mboko alijibu kwa 6-4 na 6-1 na kutia kibindoni Dola 752,275. Kwa ushindi huo alipaa hadi nambari 24 duniani.

Aidha, alikuwa Mkanada wa tatu kutwaa taji hilo la wanawake mmoja mmoja tangu mwaka 1968, wachezaji wa kulipwa walipofunguliwa mlango wa mashindano makubwa. Waliomtangulia ni Faye Urban mwaka 1969 na Bianca Andreescu mwaka 2019.

Nyuma ya ufanisi huo alikuwepo kocha Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka 1998.

Sifa hizo hazikumkinga dhidi ya kichapo. Wiki chache baadaye alibanduliwa na Barbora Krejcikova wa Czech katika raundi ya kwanza ya US Open. Lakini mapema Novemba alinyanyua taji lake la pili, Hong Kong, kwa kumshinda Mhispania Cristina Bucsa 7-5, 6-7, 6-2. Chama cha Wanatenisi Wanawake (WTA) kilimtangaza mchezaji mpya bora wa mwaka 2025.

Okutoyi na njia nyingine

Okutoyi, aliyezaliwa Januari 2004, alilelewa na nyanya yake jijini Nairobi pamoja na pacha wake, Roselida Asumwa, baada ya mama yao kufariki alipowazaa. Vituo vya mafunzo vya ITF barani Afrika ndivyo vilivyomkuza, kwanza Burundi na kisha Morocco.

Baada ya Wimbledon alichagua njia ya masomo na kujiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, mnamo 2023. Machi 2024 aliiletea Kenya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana.

Tofauti ya safari zao haielezwi na kipaji pekee. Fainali ile ya 2022 ilionyesha kuwa walikaribiana. Mboko alikulia katika nchi yenye shirikisho tajiri, viwanja vya ndani vya kufanyia mazoezi wakati wa baridi, na mashindano makubwa yanayoweza kumpa mwenyeji kadi ya mwaliko. Bila kadi ya Montreal, huenda angali akipambana katika michujo.

Kenya haina mashindano ya kiwango hicho ya kuwapa watoto wake mwaliko. Kabla ya Okutoyi, jina lililovuma zaidi lilikuwa la Paul Wekesa, aliyewahi kufika nambari 100 duniani katika mchezo wa mmoja mmoja. Wekesa ni mwana wa aliyekuwa Mbunge wa Kwanza, katika eneo la Kitale, Dkt Noah Wekesa.

Magharibi mwa nchi haijakosa vipaji vya michezo. Shule ya Friends Kamusinga, katika kaunti ya Bungoma, imejijengea jina katika mpira wa magongo, nayo St Anthony's ya Kitale katika kandanda. Shule hizo ziling'ara kwa sababu zilikuwa na uwanja, mwalimu wa kufundisha na mashindano ya kila mwaka. Mtoto wa Malakisi anayeweza kukimbia na kupiga mpira anahitaji mambo hayo hayo matatu, pamoja na raketi, kabla ya yeyote kuuliza iwapo ana kipaji cha tenisi.