Nani Aliyewalipia Mabingwa wa Nyanza

Marehemu baba yangu alikuwa dresa katika hospitali ya serikali hapa Kisumu, enzi za Mwingereza. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda, kufunga bendeji na kubeba beseni nyuma ya wakubwa. Jioni akirudi Kaloleni, akishaswali magharibi, alitusimulia habari za vyeo. Mzungu ndiye aliyekuwa daktari. Mhindi alikuwa msaidizi wake. Na Mwafrika aliyesomea udaktari Makerere, akafundishwa wodini katika hospitali ya Mulago miaka na miaka, naye alirudi na cheo cha usaidizi, akawekwa chini ya Mzungu ambaye pengine alihitimu juzi. Baba alikuwa mtu mpole, lakini hilo halikumpita kooni.

Mafunzo ya Mulago yalianza katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu cheti chake kilikuwa na thamani ndani ya Afrika Mashariki tu. Hadi katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilimhesabia mtumishi Mwafrika tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu wa kazi ileile. Uingereza iliutambua udaktari wa Makerere mwaka 1957. Kabla ya hapo, Mwafrika aliyetaka kuwa bingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya ndani alikuwa na njia nyembamba mno, kwa sababu mitihani ya ubingwa ilikuwa London na Edinburgh, na huko cheti chake hakikuwa na uzito.

Mimi nilifuata nyayo za baba, nikawa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nimewapitishia visu madaktari waliosomeshwa na serikali za mbali na za karibu, na kila ninaposikia kijana wetu amepata ufadhili wa kusomea ubingwa, nauliza ni nani anayelipa, na huyo anayelipa anatarajia kijana afanye kazi wapi. Ukilifuatilia swali hilo utaielewa historia ya mabingwa wa Nyanza vizuri zaidi kuliko ukisoma orodha ya majina yao ukutani.

Nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Oxford mwaka 1959 zikaanzisha mpango wao wa ufadhili, na mwaka uliofuata wanafunzi wa kwanza wakasafiri. Mipango ya namna hiyo ndiyo iliyowafungulia madaktari wetu wa Makerere njia ya kwenda Uingereza kutafuta zile herufi zilizoheshimiwa kuliko mali, FRCS ya upasuaji na MRCP ya magonjwa ya ndani. Aliyezipata alirudi akiwa mtu mwingine. Mara nyingi alirudi Nairobi. Vifaa alivyofundishwa kuvitumia vilikuwa Nairobi, na wagonjwa wenye uwezo wa kulipa walikuwa Nairobi.

Huku kwetu, habari ya ufadhili ilikuwa na sura ya kisiasa zaidi, kwa maana watu wawili wa ziwani walizielekeza ndege zao pande mbili za dunia. Tom Mboya wa Rusinga alipeleka vijana Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, na hadi 1963 mamia walikuwa wamevuka bahari. Jaramogi Oginga Odinga wa Bondo alitafuta nafasi Moscow, Prague, Sofia, Berlin ya Mashariki na kwingineko. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, jina ambalo hapa Kisumu tunalo mtaani na kwenye hospitali. Wengi walienda kuanza shahada ya kwanza, lakini mbegu ya ubingwa hupandwa hapo, maana daktari huelekea kuongeza masomo kule alikozoea lugha na walimu.

Waliokwenda Moscow walitumia mwaka mzima wa kwanza kujifunza Kirusi kabla ya kugusa anatomia. Nimefanya kazi na baadhi yao. Walikuwa na mikono mizuri na hawakuogopa usiku mrefu. Hata hivyo waliporudi, vyeti vyao vilitazamwa kwa shaka, wakaulizwa maswali ambayo mwenzao wa Edinburgh hakuulizwa. Uhasama wa Rais Kenyatta na Odinga uliwaangukia wao, ilhali hawakuwa wanasiasa. Nchi iliyokuwa na njaa ya madaktari iliwapotezea miaka watu iliyowahitaji, na mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo moyo unaniuma.

Zawadi ya Urusi yenyewe iko Barabara ya Kakamega, karibu na Kondele. Ni hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti kufuatia makubaliano ya 1964, na watu wa Kisumu tunaiita Russia hata leo, ingawa kwenye lango imeandikwa Jaramogi Oginga Odinga. Rais Kenyatta alikuja kuifungua Oktoba 25, 1969, miezi michache tu baada ya Mboya kuuawa. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno mbele ya umati, fujo zikazuka, na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11, na wakazi wa mji huu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Mama alitufungia ndani, nasi tukasikia watu wakikimbia uchochoroni. Siku chache baadaye Jaramogi alikuwa kizuizini na chama chake cha KPU kimepigwa marufuku. Hospitali ikabaki. Jengo lilikuwepo, vitanda vilikuwepo, ila bingwa Mkenya wa kulitumikia alikuwa nadra.

Kilichobadilisha mambo ni chuo kikuu cha Nairobi kuanza kufundisha madaktari hapa nchini mwaka 1967, ikisaidiwa na walimu wa ng'ambo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha McGill kutoka Kanada. Katika miaka ya 1970 shahada ya uzamili ya udaktari, ambayo hospitalini tunaiita MMed, ikaanza kutolewa. Kuanzia hapo mfadhili mkubwa akawa serikali yetu wenyewe. Daktari wa wilaya alipewa ruhusa ya masomo, mshahara wake ukaendelea kuingia, karo ikalipwa, naye akatia sahihi mkataba wa kurudi kutumikia kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yangu huo ndio ufadhili uliozaa matunda kuliko ule wote wa ndege, ingawa hakuna aliyeupigia tarumbeta.

Lakini watu hawajui kilichotokea hospitalini daktari alipoondoka. Miaka minne, wakati mwingine mitano, nafasi yake ilibaki wazi. Wenzake wawili waligawana zamu zake za usiku. Mama aliyekuja na uzazi uliokwama kutoka Ahero alimkuta daktari aliyesimama tangu jana. Sisi tulimsubiri bingwa wetu kama mkulima anavyosubiri mvua ya masika, na aliporudi, mara nyingine barua ya uhamisho ilikuwa imemtangulia.

Baada ya ugatuzi wa 2013, madaktari wakawa wafanyakazi wa kaunti, na swali la nani analipa likawa gumu zaidi. Wengine waliingia masomoni kwa pesa zao, wakawa wanatibu wagonjwa usiku na mchana kwenye hospitali za kufundishia bila mshahara. Jambo hilo lilikuwa miongoni mwa madai ya mgomo uliodumu siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, na likarudi tena katika mgomo wa 2024. Katikati ya hayo, mwaka 2015, serikali ilitia sahihi mkataba wa mashine za kisasa kwa hospitali 98, kwa shilingi bilioni 38. Mashine zilifika kabla ya watu wa kuzitumia.

Kisha ikaja Cuba. Juni 2018 madaktari 100 wa Cuba waliwasili Kenya wakatawanywa katika kaunti, na baadaye mwaka huohuo madaktari 50 wa Kenya wakaenda Cuba kusomea udaktari wa familia. Nilipowaona kwenye televisheni wakipambana na Kihispania niliwakumbuka wale wa Kirusi. Mmoja wa hao hamsini alifariki huko mwaka 2019, na wenzake wakalalamika hadharani kuhusu posho na kukosa nafasi ya kuja nyumbani kuona watoto. Ufadhili unaomtenga mtu mzima na familia yake kwa miaka unahesabu karo tu, hauihesabu nafsi ya mwanafunzi. Mkataba wa kuwaleta Wacuba serikali iliamua kutouendeleza mwaka 2023.

Ninaowatazama kwa matumaini ni watu wa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha. Hakina kampasi kubwa. Mwanafunzi wake hufundishwa katika hospitali anamofanyia kazi, chini ya bingwa aliyeko pale, kama inavyofanyika Tenwek kule Bomet. Anayelipa anapunguziwa gharama, wodi haibaki tupu, na watoto wa daktari wanamwona baba au mama yao jioni. Utafiti uliofuatilia wahitimu wa upasuaji wa kanda hii ulikuta zaidi ya wanane kati ya kumi wamebaki katika nchi walizofundishwa.

Hata hivyo ufadhili wa daktari peke yake hautoshi, na hili nalisema kwa sababu nimesimama upande wa pili wa meza. Bingwa wa kupasua watoto hawezi kufanya lolote bila mtaalamu wa kutia usingizi anayejua kipimo cha dawa kwa mtoto wa kilo tatu, bila muuguzi anayejua sindano ndogo iko trei gani, bila mtu wa kuchemsha vyombo usiku wa Jumapili. Shirika la KidsOR la Uskoti limeanza kulielewa hilo. Hulipia masomo ya madaktari wa upasuaji wa watoto na pia hujenga na kuvipa vifaa vyumba watakavyofanyia kazi. Kwa wauguzi wa upasuaji wa Nyanza, wengi bado tunajilipia. Mimi nililipia kozi yangu kwa mkopo wa sako, na mdogo wangu anayefanya kazi hiyo sasa anaendelea kulipa wake.