Miji iliyoletwa na mipaka

Tazama ramani ya wilaya za Tarime na Serengeti. Miji yake midogo imejibanza pembeni mwa kitu: Sirari kwenye mpaka wa Kenya, Nyamongo kwenye mashimo ya dhahabu, Mugumu na Robanda karibu na hifadhi. Haikutokea hivyo kwa bahati. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye hawakuwa watu wa mjini. Mkurya alijenga nyumba kuzunguka zizi, na ardhi ikichoka alihama na ng'ombe wake. Waliochora mistari na kuweka uzio ndio waliowalazimisha watu kurundikana.

Mstari wa kwanza ulichorwa Ulaya mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana ardhi kutoka Ziwa Victoria hadi Kilimanjaro. Koo za Kikurya za Wairegi na Wanyabasi zikabaki shamba huku, shemeji kule. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Lakini lango hufungwa barabarani. Njia za ng'ombe nani azifunge? Magendo yalinoga. Hata leo, mama muuza ndizi pale Sirari hukurudishia chenji kwa shilingi ya nchi unayotaka, wala haulizi.

Nyamongo ina kisa kirefu zaidi. Wenyeji walichimba kwa sururu muda mrefu kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002. Mwaka uliofuata mgodi ukawa wa kampuni ya Placer Dome, na 2006 ukaangukia mikononi mwa kampuni ya Barrick. Mashimo ya Nyabirama na Gokona yakapanuka yakielekea kwenye nyumba za watu, na hapo ndipo ilipozaliwa "tegesha": ukisikia eneo litatathminiwa, unasimamisha haraka kibanda cha mabati na kupanda migomba, kisha unasubiri fidia. Wenye mamlaka waliita udanganyifu. Mimi naona ni hesabu ya mtu aliyeona jirani akihamishwa kwa malipo yasiyotosha kununua shamba lingine. Kulikuwa na mabaya kuliko hayo. Mwaka 2009 maji ya mgodi yenye sumu yaliingia Mto Tigithe. Mei 16, 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu watano waliovamia mgodi kutafuta mawe ya dhahabu. Mwaka 2019 baraza la mazingira la taifa, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na mwaka huohuo yakaja makubaliano ya serikali na Barrick ya kuunda kampuni ya ubia ya Twiga, yanayoipa serikali hisa asilimia 16.

Kusini mwa Mto Mara mstari ulikuwa wa wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na ndani yake yakabaki mahame ya watu. Nyeberekera, ambako Waisenye husimulia kuwa ndiko walikotoka, sasa ni pori la hifadhi. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya 1974: makazi yaliyotawanyika vilimani yakabomolewa, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara. Pori likazidi kubaki bila mtu, na baadaye mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakawekwa humo. Robanda na vijiji jirani vilijiunga katika jumuiya ya wanyamapori ya Ikona, inayopata fedha za watalii. Hizo ni fedha halali na zimesaidia. Ila tembo hajui mipaka ya jumuiya, na mkulima anayekesha na tochi shambani anastahili kulipwa kifuta jasho mapema, si baada ya msimu mwingine kupita.

Wazee wanaojua majina ya mahame hayo wanapungua. Walimu wa historia wa Mugumu na Tarime, wapeni wanafunzi kazi ya likizo: wakae na babu na bibi zao, wayaandike majina hayo kwenye daftari, na shule ziyahifadhi.