Simu za Mabosi Zilizonyimwa Kamera

Juni 2016, rais mmoja wa Marekani aliyekuwa anamalizia muhula wake wa pili alikaa kwenye kiti cha wageni katika kipindi cha usiku cha televisheni, akaanza kulalamikia simu yake. Kapewa mpya na watu wa usalama, kwa kuitazama ni simu ya maana kabisa. Lakini haipigi picha. Haitumi meseji. Haichezi muziki. Hata kupiga haipigi. Akaifananisha na zile simu za plastiki wanazochezea watoto wa miaka mitatu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hebu fikiria. Mtu ambaye akiinua mkono ndege za kivita zinapaa, hawezi kujipiga selfi na mkewe. Dereva anayemwendesha anaweza, yeye hawezi.

Watu walicheka kwa sababu kufikia mwaka huo simu isiyo na kamera ilikuwa kichekesho. Kumbe miaka kumi tu nyuma yake, simu ya namna hiyo ndiyo ilikuwa simu ya heshima. Ukimkuta mtu na simu kubwa yenye vitufe vingi na haina kamera, unajua huyo ni mtu wa ofisi, na si ofisi ya mchezo. Kamera zilikuwa za watoto wa shule.

Stori yenyewe inaanzia wodini. Tarehe 11 Juni 1997, mji wa Santa Cruz, California, jamaa mmoja wa biashara ya programu za kompyuta alikuwa hospitali akisubiri mkewe ajifungue. Alikuwa na kamera ya kidijitali, laptopu na simu ya kukunja, vitu vitatu ambavyo wakati huo havikujuana. Mama wa watu yuko kwenye uchungu, baba yuko na waya. Akaviunganisha, mtoto alipozaliwa akampiga picha, na picha ikaenda moja kwa moja kwa watu zaidi ya 2,000. (Mke aliwaza nini kuhusu mume mwenye waya mkononi saa ile, hiyo ni stori nyingine.)

Miaka mitatu baadaye, Novemba 2000, Wajapani wakaweka dukani simu ya Sharp, J-SH04, yenye kamera ndani yake. Picha zake zilikuwa na pikseli 110,000 tu, yaani hata megapikseli moja haijafika, hata robo haijafika. Lakini angalia kitu kimoja: nyuma, karibu na lenzi, waliweka kioo kidogo cha kujitazamia. Selfi ilikuwa imeshapangwa kabla watu hawajaipa jina.

Wakati vijana wa Tokyo wakijitazama kwenye vioo, huko Waterloo, mji wa kawaida tu jimboni Ontario, Kanada, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 na marafiki wawili wa tangu utotoni ilikuwa bize na kitu kisicho na mvuto hata kidogo: barua pepe. BlackBerry yao ya kwanza ya mwaka 1999 haikuwa hata simu, ilikuwa kama peja yenye kibodi. Ilipofika Septemba 11, 2001 na mitandao ya simu ikazidiwa pale New York na Washington, vile vidude viliendelea kupitisha ujumbe. Baada ya hapo Baraza la Wawakilishi la Marekani likawagawia wajumbe wake. Mwaka 2002 ikaja ya kupigia simu, ingawa ulilazimika kuchomeka spika za masikioni ndiyo uongee. Nani alijali? Wakubwa walikuwa wameshanogewa.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na watu wengi wanaosimulia stori ya BlackBerry hupapita mbio. Simu hizi hazikuuzwa kwa mtu anayezitumia. Ziliuzwa kwa mtu wa IT na mtu wa fedha, waliokuwa wananunua mia tano kwa mkupuo na kuwagawia wafanyakazi. Ungewauliza hao wawili kama wanataka kamera, jibu lilikuwa moja. Mtu wa fedha anauliza: inaongeza bei? Mtu wa IT anauliza: itatoa siri nje? Hakuna aliyemuuliza ofisa masoko anayezunguka nayo mtaani kutwa nzima.

Na hofu yao haikuwa ya kijinga. Mwaka 2003 Samsung, ambao wenyewe walikuwa wanatengeneza na kuuza simu za kamera, waliwakataza watu kuingia nazo kwenye baadhi ya viwanda na maabara zao. Soma tena hapo. Mpishi anauza chakula lakini jikoni kwake hataki kionjwe. Korea Kusini hiyohiyo ikaamua simu zote zitoe mlio wa angalau desibeli 65 zinapopiga picha, ili mtu anayepigwa kwa siri ashtuke. Saudi Arabia ilipiga marufuku simu za kamera kabisa, ikaja kuziruhusu mwishoni mwa 2004. Marekani mwaka huohuo ikatunga sheria dhidi ya kuwapiga watu picha za siri wakiwa faragha. Fikiria vyumba vya kubadilishia nguo, gym, maliwato. Kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa na kamera mfukoni na huwezi kujua kama anasoma meseji au anakupiga wewe. Wanawake ndio walioumia zaidi, na wanaumia mpaka leo.

Kwa hiyo watengenezaji wakafanya biashara ya pande mbili. Treo 650 ya mwaka 2004, simu iliyopendwa sana na watu wa ofisini kule Marekani, iliuzwa yenye kamera na isiyo na kamera. Nokia nao, mfululizo wao wa E wa watu wa biashara uliotangazwa Oktoba 2005 ulikuwa na E61, pande la simu lenye kibodi kamili, intaneti ya Wi-Fi, kila kitu, isipokuwa kamera. Baadaye E51 nayo ikaja kwa sura mbili. Bei ya isiyo na kamera haikuwa ya kuonea huruma, maana ulikuwa unalipia kukosa.

Basi ukawa unamwona bosi ana simu mbili mezani. Moja ya kampuni, nyeusi, kimya, haina kamera. Nyingine yake mwenyewe, ina kamera, ina nyimbo, ina picha za mtoto. Na hapo hoja nzima ya usalama ilishakufa, ila wenyewe hawakutaka kuizika. Kama mfanyakazi anataka kupiga picha mchoro wa bidhaa mpya ya kampuni, si anatumia hiyo simu yake nyingine? Kuinyima kamera simu ya kazi kulimzuia mtu mwaminifu tu. Mwizi alikuja na ya kwake. Palipofungwa kweli ni pale penye mlinzi getini na makabati ya kuachia simu, na huko simu ya ofisi na ya nyumbani zote zilibaki nje, kamera au bila kamera.

Mwaka 2006 Wakanada wakasalimu amri. Septemba hiyo ikatoka Pearl, nyembamba, na kitufe cheupe cha kuzungusha katikati kama lulu kweli, kamera ya megapikseli 1.3 na uwezo wa kucheza muziki. Ndiyo ilikuwa BlackBerry ya kwanza kupiga picha. Lakini tazama walivyokuwa wanasitasita: Februari 2007 wakatoa 8800, simu ya wakubwa, ina ramani ya GPS, kibodi kamili, na haina kamera. Miezi michache baadaye ikaja Curve, kamera ya megapikseli 2. Ndani ya kampuni moja, ndani ya mwaka mmoja, majibu mawili kwa swali moja. Curve ndiyo ikawa simu ya watu, mpaka wanafunzi wa chuo wakaikumbatia kwa ajili ya BBM.

Katikati ya miezi hiyohiyo kuna tukio zito ambalo hakuna kiwanda cha simu kingelitaka kwenye tangazo. Alfajiri ya Desemba 30, 2006, mjini Baghdad, kiongozi wa zamani wa Iraq alinyongwa mbele ya mashahidi wachache. Serikali ilitoa mkanda wake, usio na sauti, mambo yanaonekana ya taratibu na nidhamu. Halafu ukatoka mwingine. Mtu mmoja ndani ya chumba kile alikuwa ameinua simu. Picha mbovu, inatikisika, lakini sauti ipo, na sauti ilikuwa ya kejeli na matusi dhidi ya mtu mwenye kitanzi shingoni. Dunia ikajua kilichotokea kweli. Kwa upande mmoja, hiyo ndiyo jinamizi la kila ofisa usalama: siri ya chumba kilichofungwa, nje ndani ya muda mfupi. Kwa upande mwingine, bila simu ile ungebaki na mkanda wa serikali peke yake. Yeyote anayesema swali la kamera kazini lina jibu jepesi, aanze na chumba hicho.

Iliyomaliza mjadala sokoni ni iPhone, Juni 2007. Kamera yake tusidanganyane ilikuwa ya kawaida: megapikseli 2, haina taa, haichukui video. Ila ilinunuliwa na mtu mwenyewe kwa hela yake, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mkurugenzi. Jumatatu anaingia ofisini, anaenda kwa watu wa IT, anawaambia wamuunganishie barua pepe za kazini. Nani atamkatalia mkurugenzi? Kufikia Julai 2008 Apple walikuwa wameongeza uwezo wa kupokea barua pepe za makampuni kwa njia rasmi, na yule mnunuzi wa simu mia tano kwa mkupuo akaanza kukosa kazi.

Baada ya hapo wengi hawakung'oa tena kamera kiwandani, wakaanza kuizima kwa programu. Tayari BlackBerry zilikuwa na mpangilio ambao mtu wa IT akibonyeza kwenye kompyuta yake, kamera ya simu yako inalala. iPhone zikapata mpangilio kama huo, Android nazo zikaupata kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2011. Viwandani huko Asia wakaona njia rahisi zaidi: stika. Unafika getini, unabandikwa stika juu ya lenzi, ukitoka wanaangalia kama imebanduliwa. Singapore, ambako vijana wa kiume wanakwenda jeshini kwa lazima na kambi zilikataa kamera, yakazuka maduka ya kuuzia vijana simu zilizotolewa kamera, iPhone zikiwemo. Unanunua simu ya bei mbaya halafu unamlipa fundi aiharibu.

Sasa tazama kazi za leo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anapokea picha za mzigo kutoka Guangzhou kabla hajatuma hela. Bodaboda anapiga picha kifurushi mlangoni ushahidi usipotee. Fundi anapiga nyaya kabla ya kuzifungua. Risiti, mikataba, vitambulisho, vyote vinapigwa picha kwa simu na kurushwa WhatsApp. Kamera ambayo wakubwa waliiona ya kitoto imekuwa mashine ya kazi kuliko ile kibodi waliyoiabudu. Kwenye hilo Waterloo walikosea, na walikosea vibaya.

Ila hizo picha zinakaa wapi? Kwenye simu ya mfanyakazi, kati ya picha za harusi na meme. Nesi aliyempiga picha mgonjwa kidonda ili daktari wa mbali ashauri, siku akiacha kazi anaondoka na kidonda cha mtu mfukoni. Karani ana vitambulisho vya wateja mia mbili. Simu ikiibiwa kwenye daladala, imeibiwa na ofisi nzima. Wale mabosi wa 2003 walihofia mchoro wa bidhaa, hawakumfikiria mgonjwa. Makampuni mengi bado hayajamfikiria, yamefurahi tu kwamba simu ananunua mfanyakazi mwenyewe.

Wakanada walijitahidi kurudi. Mwaka 2015 walitoa Priv, kamera ya megapikseli 18, kubwa kuliko za wengi. Septemba 2016, miezi mitatu baada ya yule rais kuchekesha ukumbi, wakatangaza kwamba hawatengenezi tena simu wenyewe. Januari 4, 2022 huduma za zile BlackBerry za zamani zikazimwa, Pearl na 8800 siku moja. Hazipokei tena barua pepe, wala meseji za uhakika. Pearl iliyobaki kwenye droo, ukiichaji, bado inapiga picha.